Kizuri Chajiuza? Habari Fupi Ndizo Zinazolitafutia Jarida Wasomaji

Na Mwandishi Wetu

ISAKA ni mji wa mizigo. Shehena itokayo bandari ya Dar es Salaam hufika hapa kwa reli, hushushwa, hupakiwa katika malori, kisha huendelea na safari ya kwenda Rwanda, Burundi na Kongo. Bandari kavu ya mji huu ilianza kazi mwaka 1999, na reli ya kisasa ya kilomita 341 itokayo Mwanza, ambayo ujenzi wake ulizinduliwa mwaka 2021, nayo imeelekezwa papa hapa. Mji wa namna hii haukosi habari. Dereva huja na yake, mchimbaji wa dhahabu huja na yake, na mama auzaye chakula kando ya barabara husikia zote kabla ya saa nne asubuhi. Kinachokosekana ni habari iliyochunguzwa, ikaandikwa vizuri, ikamfikia yule anayeihitaji.

Katika miaka ya karibuni watu wengi wamejaribu kuliziba pengo hilo. Kikundi cha kuweka na kukopa, chama cha ushirika, kwaya, shule, hata fundi mmoja mmoja, waweza leo kutoa jarida dogo la kurasa mbili au tatu na kulituma kwa simu bila kugusa mtambo wa kuchapisha. Lakini watoaji wake wengi hulalamika kwamba baada ya matoleo matatu au manne wasomaji ni wale wale: ndugu, jirani na mweka hazina. Kazi hufa kimya kimya, na pengo lile hujazwa na uvumi.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ni ya kweli sokoni, mahali ambapo mnunuzi hukiona kitu kwa macho na kukipapasa kwa mikono. Jarida lililofungwa ndani ya simu halionekani wala halipapasiki. Halina budi kutembezwa, na njia yake ya kulitembeza ni habari fupi: sentensi mbili au tatu zinazotolewa mara kwa mara, mahali ambapo watu wamekwisha kukusanyika.

SI JAMBO GENI

Wako wadhanio kwamba jambo hili limeletwa na simu. Sivyo. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa na serikali ya kikoloni mwaka 1923, lilikuwa na sehemu ya habari za miji, ambamo waandishi wa huku na huko waliandika mistari michache juu ya mvua, mavuno, vifo, na wageni waliofika. Mtu aliyesikia kwamba mji wake umetajwa alilitafuta gazeti zima, na akishalipata alisoma na mengine yaliyomo.

Kanda ya Ziwa nayo ina historia yake. Mwaka 1974 lilianza kutolewa mjini Mwanza gazeti la Elimu Haina Mwisho, kwa ajili ya watu wazima waliokuwa wamehitimu kisomo na kuhofiwa kwamba wangesahau kusoma kwa kukosa cha kusoma. Mwaka mmoja kabla yake, yaani 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilikuwa imewakusanya watu wanaokadiriwa kupita milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio nchini kote. Redio ilitangaza kwa muda mfupi. Kitabu kilieleza kwa urefu. Kikundi kilijadili na kuamua, kisha watu wakashika majembe kuchimba vyoo. Redio peke yake isingeweza kuchimba choo, na kitabu peke yake kingebaki kabatini. Vilifaa kwa kuwa vilitumwa pamoja.

Hata ngoma za Wasukuma zafundisha hilo. Wachezaji wa Bagika na Bagalu hushindana katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Ndiyo sababu wengine hucheza na chatu, na wengine huzua kituko kipya kila msimu. Lakini mtazamaji aliyevutwa na chatu, akikuta wimbo hauna maana na ngoma imelegea, huvuka kwenda upande wa pili. Habari fupi ni chatu wa kumwita mtu, na jarida ndilo ngoma yenyewe.

HABARI FUPI IWEJE?

Ujumbe wa kawaida wa simu una nafasi ya herufi 160. Mtandao wa Twitter, ambao siku hizi huitwa X, ulioanza mwaka 2006, ulijiwekea mpaka wa herufi 140 kwa kuufuata ujumbe huo wa simu, ukauongeza kuwa 280 mwaka 2017. Nafasi ni ndogo, lakini yatosha kumfaidia mtu. Tuseme kikundi cha wanawake wa Isaka kina jarida la kila Jumapili. Kosa la kwanza lifanywalo na wengi ni kutangaza hivi: "Toleo jipya limetoka. Someni na kuwapelekea wengine." Tangazo hilo halimpi msomaji kitu chochote, lamwomba tu. Sasa tazama hili:

"Gunia la mpunga likilala sakafuni bila chaga hunyonya unyevu. Njia tatu za kuuhifadhi zimo katika jarida la Jumapili. Ukilitaka, tuma neno NIPE."

Hazifiki herufi 160. Hata yule asiyelitaka jarida amekwisha kupata faida, kwani leo jioni ataliinua gunia lake. Kwa hiyo kesho akiona jina la kikundi hicho hatalipita. Hii ndiyo kanuni kubwa: habari fupi na imnufaishe mtu hata asipoendelea mbele. Ile ya kumnyima msomaji jambo kwa makusudi ili alazimike kufungua huvuta mara moja au mbili, kisha huzaa hasira.

Toleo moja la jarida laweza kuzaa habari fupi nne au tano. Moja iwe shauri, kama hilo la mpunga. Moja iwe swali kwa wasomaji, mathalani: karo na sare za shule mliziwekea akiba kwa njia gani? Moja iwe jibu lililotolewa na msomaji, bila jina lake iwapo hakupenda litajwe. Moja iwe takwimu iliyohakikishwa, kama vile bei ya mchele sokoni asubuhi ile. Moja tu, ya mwisho, ndiyo itangaze kwamba toleo liko tayari. Nazo zitolewe kwa siku na saa zinazojulikana. Gari lisilo na saa halina abiria.

MAHALI PA KUZIWEKA

Wengi katika miji yetu hutumia WhatsApp. Humo iko sehemu ya hali, iliyoanzishwa kwa sura yake ya sasa mwaka 2017, ambayo maneno au picha iliyowekwa hufutika baada ya saa 24. Faida yake ni kwamba haimbughudhi mtu, kwani mwenye nafasi ndiye afunguaye. Upungufu wake ni kwamba kwa kawaida huonekana tu na watu ambao namba zao umezihifadhi, nao wakawa wameihifadhi yako. Hali kadhalika orodha ya kutuma ujumbe kwa watu wengi kwa mara moja humfikia yule tu aliyeihifadhi namba ya mtumaji. Kwa hiyo maneno "hifadhi namba hii kwa jina la jarida letu" si mapambo. Bila hayo waweza kutuma mwaka mzima na usisomwe.

Lakini mitandao ya watu ni nyumba ya kupanga. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika duniani kote kwa saa kama sita. Mwezi Mei 2025 mtandao wa X uliacha kupatikana kwa watumiaji wengi hapa Tanzania. Aliyekuwa na wasomaji elfu moja mahali pamoja tu, siku hiyo hakuwa na hata mmoja. Kwa sababu hiyo shabaha ya habari fupi isiwe kupendwa na kusifiwa, bali kumhamisha mtu kutoka njia kuu kumwingiza nyumbani, yaani katika orodha ya wasomaji iliyoandikwa daftarini kwa jina na namba, ambayo mtoaji mwenyewe anaitunza. Aidha, ubao wa matangazo sokoni, penye ruhusa, usidharauliwe. Chaki haihitaji bando.

Na hesabu isichukuliwe kwa pupa. Jarida lenye wasomaji 40 likipata wapya watatu kila juma na kumpoteza mmoja, baada ya majuma 52 litakuwa na wasomaji 144. Haba na haba hujaza kibaba. Hao 144 waliojiandikisha kwa hiari wana thamani kuliko watu 1,000 walioingizwa kwenye kundi pasipo kuulizwa, ambao nusu yao watatoka usiku ule ule na nusu nyingine watanyamazisha simu.

NENO LIKITOKA HALIRUDI

Sasa tufike penye uzito wa jambo lenyewe. Isaka imo katika ukanda wa dhahabu. Bulyanhulu, Kahama na Geita si mbali, na katika maeneo haya uvumi wa sentensi moja kwamba dhahabu imeonekana porini waweza kumfanya mtu auze ng'ombe, aache shamba wakati wa palizi, na kuiacha familia bila chakula. Soko la madini lilifunguliwa Geita mwezi Machi 2019, yakafuata ya miji mingine, ili mchimbaji mdogo apate bei iliyo wazi. Lakini bei iliyo wazi haimsaidii yule ambaye habari aliyoipata ni ya mtu aliyeandika haraka ili asifiwe kuwa wa kwanza.

Hatari ya habari fupi ni huo ufupi wake. Haina nafasi ya "lakini" wala "inasemekana." Maneno ishirini juu ya ugonjwa wa jirani, juu ya binti aliyeacha shule, au picha ya majeruhi wa ajali ya lori iliyowekwa kabla ndugu zake hawajaarifiwa, yaweza kuivunja nyumba ambayo jarida zima haliwezi kuijenga upya. Katika mji ambao watu wanajuana, kuficha jina hakutoshi iwapo umetaja mtaa na kazi. Mtoaji ajiulize maswali matatu kabla hajabonyeza: Je, nimelithibitisha kwa mtu anayelijua? Je, mhusika ameridhia? Je, ningeliweza kulisema hili mbele ya mama yake?

Sheria nazo zipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahusu utoaji wa habari za uongo, na pia ujumbe unaopelekwa kwa watu pasipo kuombwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika mwezi Mei 2023, nayo inagusa majina na namba za watu zinazokusanywa kwa kazi kama hii. Vile vile ziko kanuni za maudhui ya mtandaoni zinazosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, na zimekwisha kurekebishwa zaidi ya mara moja tangu 2018. Ni heri kikundi kiulize kwanza kama shughuli yake yahitaji leseni, kuliko kujitetea baadaye. Akiomba mtu atolewe katika orodha, na atolewe siku ile ile bila kuulizwa sababu.

NYUMBANI NAKO

Lipo na la mwisho, linalohusu familia moja kwa moja. Mwenye kutafuta wasomaji huanza kwa nusu saa, na asipoangalia huishia na usiku mzima. Huitazama simu wakati wa chakula akihesabu ni wangapi wamefungua. Mtoto huuliza swali la hesabu mara tatu pasipo jibu, na fedha ya mboga huingia kwenye bando. Jarida linalowafundisha watu malezi huku watoto wa mwandishi wakilala bila kusemeshwa ni deni, wala si maendeleo. Dawa yake ni ratiba. Habari tano ziandikwe siku moja, Jumamosi alasiri, watu wawili wakisaidiana, mmoja akiandika na mwingine akichunguza. Siku nyingine iwe ni kutoa tu na kujibu waliouliza. Fedha ya bando itoke katika mfuko wa kikundi na kuandikwa kama gharama nyingine yoyote.

Yafaa basi kila kikundi chenye jarida kipime kazi yake kwa kipimo kilicho sahihi. Baada ya miezi mitatu kisihesabu tu waliofungua. Kitafute ni magunia mangapi yaliyowekwa juu ya chaga, ni wazazi wangapi walioanza kuweka akiba ya sare, na ni uvumi upi uliozimwa mapema kwa sababu watu walijua mahali pa kuuliza. Mwenye majibu ya maswali hayo ataona kwamba wasomaji wapya wanaletwa na wasomaji wa zamani, na habari zake fupi zitakuwa zimebakiwa na kazi moja tu: kuwaonyesha wageni mlango ulipo.