Kuuliza Njia Makutano

Barabara itokayo Mwanza kupitia Bunda ikifika Makutano hugawanyika. Moja huelekea Musoma ziwani, nyingine Tarime na mpaka wa Sirari, na nyingine Butiama. Abiria mgeni akimwuliza kondakta ashukie wapi, hakuna anayemshangaa. Mara nyingi aliyeketi jirani humjibu kabla kondakta hajageuka. Wa kushangaza ni yule aliyenyamaza kwa haya akajikuta Sirari usiku unaingia. Lakini kijana huyohuyo anayeuliza njia barabarani bila kusita, akishavuka geti la chuo mdomo unafunga. Hajui asajili kozi gani, hajui kwa nini jina lake halipo kwenye orodha ya mikopo, hajaelewa alichofundishwa tangu Jumatatu, na bado anatikisa kichwa kama aliyeelewa. Mkanganyiko wa wiki za kwanza ni jambo la kawaida na haumwangushi mtu. Kinachomwangusha ni kuuficha mpaka muda uishe.

Vyuo vya mkoa huu wa Mara ni vya aina nyingi. Buhare, mjini Musoma, wanaandaliwa wataalamu wa maendeleo ya jamii, na VETA ina chuo mjini humohumo. Bunda kuna chuo cha ualimu, na Kisangwa, wilaya hiyohiyo, kuna chuo cha maendeleo ya wananchi. Butiama kuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere, chuo kichanga ambacho bado hakijapata vizazi vingi vya waliotangulia wa kuwashika mkono wanaofuata. Anayeingia kwenye vyuo hivi leo kwa kawaida ni mtoto wa elimu bila ada. Serikali ilifuta ada ya shule zake hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, kisha ikafuta ya kidato cha tano na sita kuanzia mwaka wa fedha 2022/23. Ni jambo jema sana, ila lina upande wake wa pili: kijana wa familia ya wavuvi au wakulima wa pamba anaweza kufika chuo bila yeye wala mzazi wake kuwahi kushughulika na namba ya malipo ya serikali, kuhakiki cheti cha kuzaliwa RITA, kuomba mkopo au kukata rufaa ya mkopo. Yote hayo humwangukia ndani ya miezi michache, na kosa la herufi moja kwenye jina linatosha kuyakwamisha.

Masomo nayo yamebadilika sura. Shuleni kengele ilimwamsha, mwalimu wa zamu alimfuata bwenini, na noti zilikuwa ubaoni. Chuoni mwalimu anazungumza saa mbili, anataja vitabu vitatu, anaondoka. Matokeo aliyozoea kuyasoma kwa daraja la kwanza, la pili na la tatu sasa yanasomwa kwa wastani wa pointi. Hata Kiswahili cha wanafunzi wenzake ni kigeni: wanazungumzia sapu, wanasema fulani amedisko, wanasubiri bumu. Mgeni anacheka pamoja nao huku hajui kwamba sapu ni mtihani wa marudio, kudisko ni kuondolewa masomoni, na bumu ni pesa ya kujikimu ambayo, asipoisaini ndani ya muda uliowekwa, hurudi Bodi ya Mikopo. Ukitazama vizuri, utaona kwamba hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachopima akili. Ni desturi za mahali, na desturi za mahali huambiwa mtu na wenyeji.

Uthibitisho mzuri kuliko wote ninaoujua juu ya jambo hili unatoka mbali. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Uri Treisman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitaka kujua kwa nini wanafunzi wengi Weusi walikuwa wakifeli kalkulasi wakati wanafunzi wenye asili ya China walikuwa wakifaulu. Walimu wenzake walikuwa na majibu tayari: hawana bidii, wametoka shule dhaifu, nyumbani hawahimizwi. Treisman hakuridhika, akawafuatilia wanafunzi 20 wa kila kundi, hadi vyumbani walikosomea. Aliwakuta wanafunzi Weusi wakisoma kwa saa nyingi, tena kwa nidhamu, lakini kila mmoja peke yake. Msaada uliotolewa na chuo waliukwepa, kwa sababu ulipewa sura ya tiba ya walioshindwa. Wenzao walisoma peke yao kwanza, kisha wakakutana, wakasahihishana, wakaulizana na kupashana habari za jinsi chuo kinavyoendeshwa. Aliyekwama kwenye swali aligundua kwamba wenzake wote wamekwama palepale, akajua swali lenyewe ndilo gumu. Aliyekuwa peke yake alihitimisha kwamba yeye ndiye mbovu. Treisman alianzisha vikundi vya kutatua pamoja maswali magumu, akavitangaza kama nafasi ya wanaotaka kufanya vizuri zaidi, na matokeo ya waliojiunga yakapanda sana.

Kwa mtu wa Mara habari hii si ngeni. Jamii kadhaa za mkoa huu zimeijua risaga: mwenye shamba huwaita majirani, wakalima pamoja, akawapa chakula na pombe, na siku nyingine naye akaenda kwa mwenziwe. Hakuna aliyesema kwamba aliyeita risaga ameshindwa kulima. Alionekana mtu anayejua ukubwa wa shamba lake na urefu wa msimu wa mvua.

Na chuoni msimu ni mfupi. Muhula una wiki 15 hivi za kufundishwa, na katika vyuo vingi alama 100 za somo hugawanywa, 40 zikitokana na kazi na majaribio ya muhula na 60 zikitokana na mtihani wa mwisho. Anayejipa moyo kwamba atauliza mambo yakizidi huwa ameshapoteza sehemu ya alama zile 40, na hazirudi. Ndiyo maana nasisitiza wiki ya pili na ya tatu kuliko wiki ya mitihani. Swali la wiki ya pili hujibiwa kwa dakika tano mlangoni. Likikaa hadi wiki ya kumi na mbili huwa limezaa mengine.

Kinachomzuia mgeni, nadhani, ni mambo mawili anayoyaamini bila kuyachunguza. Anaamini kwamba ni yeye tu aliyechanganyikiwa, na anaamini kwamba akiuliza atakataliwa. Yote mawili yamepimwa. Mwaka 2011 Gregory Walton na Geoffrey Cohen walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo kimoja cha Marekani. Kwa muda wa saa moja hivi wanafunzi hao walisoma maelezo ya wakubwa zao kwamba kujiona mgeni asiyestahili ni jambo la karibu kila mtu mwanzoni, na kwamba hupita. Kazi hiyo fupi iliinua alama za wanafunzi Weusi kwa miaka mitatu iliyofuata na kupunguza kwa nusu pengo kati yao na Wazungu. Utafiti wa Francis Flynn na Vanessa Lake, wa mwaka 2008, uligusa hofu ya pili: watu waliotumwa kuwaomba msaada watu wasiowajua walitabiri kukataliwa mara nyingi kuliko walivyokataliwa kweli. Wamarekani si Wazanaki, na ningependa kuona kazi kama hiyo ikifanywa Musoma. Lakini hofu ya kuaibika haichagui kabila, na ukarimu wa Mara hauwezi kuwa mdogo kuliko wa mitaa ya Marekani.

Pingamizi zito zaidi linatoka nyumbani, na hutamkwa kwa jina la Mwalimu Nyerere mwenyewe. Je, hatukufundishwa kujitegemea? Mtu mzima mwenye miaka ishirini apangiwe nini tena? Wanaosema hivyo naona wamelishika neno wakaiacha maana. Elimu ya Kujitegemea, waraka wa Nyerere wa Machi 1967, iliilaumu elimu ya kikoloni hasa kwa kuchochea ubinafsi wa kila mtu kupanda peke yake, na ilitaka shule zijenge ushirikiano. Kujitegemea kwake kulikuwa kwa jamii inayosaidiana. Historia yake mwenyewe inaonyesha hivyo. Alianza shule mwaka 1934, Mwisenge, Musoma, akiwa na umri wa miaka 12, akitoka Butiama na Kizanaki chake. Kiswahili alikijifunza hapo. Mwaka 1943, akiwa mgeni Makerere, alishirikiana na Watanganyika wenzake, miongoni mwao Hamza Mwapachu na Andrew Tibandebage, kuunda chama cha ustawi cha Watanganyika wachache waliosoma pale. Padri Richard Walsh, mkuu wa shule ya St. Mary's Tabora, ambako Nyerere alifundisha, alimhimiza kwenda kusoma Uingereza. Maombi yake ya kwanza ya kudhaminiwa yalikataliwa. Akaomba tena, akapata, na Oktoba 1949 alikuwa Edinburgh. Hapo pote kuna mtu aliyehitaji wenzake na hakuona haya kuwahitaji.

Wapo pia wanaohofia kwamba kuuliza kunalea uvivu. Wana sehemu ya haki. Mtafiti Sharon Nelson-Le Gall, mapema miaka ya 1980, alitenganisha aina mbili za kuomba msaada: kuna anayetaka kazi ifanywe na mwingine ili aondokane nayo, na kuna anayetaka kiasi cha kumwezesha kuendelea mwenyewe. Anayemwambia mwenzake amnakilishe jibu yuko kundi la kwanza. Anayesema "nimefika hatua ya tatu, hapa nimekwama, niangalizie" yuko kundi la pili, na huyo amefanya kazi zaidi ya aliyekaa kimya, kwa sababu amelazimika kutafuta mahali hasa alipokwama. Dawa ya uvivu basi ni kuwafundisha vijana kuuliza vizuri.

Pingamizi ninaloliogopa ni jingine. Mwenye kuulizwa ana nguvu juu ya anayeuliza, na wapo wanaoitumia vibaya. Binti anayekwepa ofisi ya mwalimu wakati mwingine hana aibu yoyote. Ana tahadhari, na tahadhari hiyo ina sababu. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inafanya kuwa kosa mtu mwenye mamlaka kudai ngono ili atoe haki au upendeleo, na TAKUKURU hupokea taarifa bila malipo kwa namba 113. Hata hivyo sheria hufika baada ya kosa. Kinachotangulia ni mpangilio: saa za mwalimu kuwaona wanafunzi zibandikwe ukutani, mlango uwe wazi, wanafunzi waende wawili watatu, na dawati la jinsia lijulikane lilipo tangu siku ya usajili. Chuo kisichofanya hivyo hakiwezi kumlaumu binti kwa kunyamaza. Kuna pia madhara madogo yanayoumiza vilevile: kishoka anayelipwa kujaza fomu za mkopo na kuzijaza vibaya, na kundi la WhatsApp la darasa ambamo uvumi wa tarehe husambaa upesi kuliko tangazo lenyewe. Haya hustawi pale ofisi inapokuwa ngumu kufikika. Swali la mkopo lina ofisi yake chuoni, la makazi na ugonjwa ni la mshauri wa wanafunzi, la somo ni la mwalimu na mkuu wa idara, na mgeni angeambiwa hivyo siku ya kwanza, kwa Kiswahili chepesi na kwa majina ya wahusika, vishoka wangekosa wateja.

Kwa chuo cha ualimu Bunda jambo hili lina uzito wa pekee. Mwanachuo wake hukaa kimya darasani mwaka huu, na muda si mrefu anapelekwa shule ya msingi kwa mazoezi ya kufundisha. Anamaliza somo la sehemu, anaweka chaki mezani, anawageukia watoto na kuuliza kama kuna mwenye swali. Watoto wanamtazama usoni, kwa sababu wanajua kusoma uso wa mwalimu, kuona kama huyu ni mtu anayeulizwa.