Mfamasia Kando ya Kitanda

Leo nataka kuwaeleza kazi ya mtu ambaye huenda amekwisha kumwokoa ndugu yako, nawe hukumwona hata mara moja.

Mtu huyo ni mfamasia wa hospitali. Najua utasema, "Mfamasia tunamjua. Ni yule wa dirishani, anayetupa vidonge na kutuambia kutwa mara tatu." Ndiye. Lakini wako wafamasia waliotoka dirishani wakaingia wodini, nao husimama pamoja na daktari na muuguzi kando ya kitanda cha mgonjwa. Kazi hii si ya kale. Mwaka 1966 huko Marekani, Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco kiliwaweka wafamasia wake kwenye ghorofa ya tisa ya hospitali, karibu na vitanda, badala ya kuwaacha katika chumba cha dawa peke yake. Kutoka huko desturi hiyo ikaenea. Hapa kwetu ipo, ingawa mara nyingi mfamasia mmoja ana wodi nyingi kuliko miguu yake inavyoweza kuzizunguka.

Tuanze na upasuaji. Mjomba wangu alikuwa na ngiri, akapangiwa siku ya kupasuliwa. Alipoulizwa kama anatumia dawa yoyote nyumbani, akajibu, "Hapana." Hakukusudia kusema uongo. Miaka miwili nyuma aliganda damu mguuni, akapewa vidonge vya warfarini, akavimeza kila jioni mpaka akavizoea kama chai. Kwake yeye dawa ni ile ya ugonjwa unaouma leo. Mfamasia wa wodi ile hakuridhika na jibu. Akamwomba mkewe afungue mfuko aliokuja nao, na humo, chini ya khanga na sabuni, vidonge vikaonekana.

Warfarini huizuia damu isigande. Mtu anayeitumia akipasuliwa, damu yaweza kukataa kusimama. Kwa hiyo kwa kawaida huachwa siku 5 hivi kabla ya upasuaji, kisha damu hupimwa. Lakini usiache kwa akili yako mwenyewe! Wengine wakiiacha ovyo damu yao itaganda moyoni au mapafuni, na hao hupangiwa njia nyingine. Mjomba akaahirishiwa upasuaji, akakasirika sana, maana alikuwa ameuza mbuzi kwa ajili ya nauli.

Jambo la pili ni dawa ya kuzuia usaha katika kidonda. Wengi hudhani dawa hiyo ni ya baada ya kisu. Sivyo. Inatakiwa iwe imekwisha kuenea katika damu na nyama kabla ngozi haijakatwa. Kwa hiyo sefazolini, ambayo hutumiwa sana, huchomwa katika muda wa dakika 60 kabla ya kisu, na upasuaji ukipita saa 4 huongezwa kipimo kingine. Na baada ya hapo? Kwa upasuaji mwingi, basi. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri dawa hiyo isiendelezwe baada ya upasuaji kwa ajili ya kinga tu, kwa sababu haimwongezei mgonjwa faida, bali huvipa vijidudu nafasi ya kujifunza kuishinda. Mfamasia ndiye anayeuliza, "Daktari, hii bado ya nini?" Basi ndugu yako akiisha kupasuliwa, kisha asipewe sindano siku tano, usifikiri amenyimwa.

Sasa twende chumba cha wagonjwa mahututi, mahali penye kazi ngumu kuliko zote. Mgonjwa amelala, mashine inampumulia, na mirija imeingia mishipani mwake kutoka chupa nyingi. Mwenyewe hawezi kusema, "Dawa hii inanidhuru." Lazima mwingine amsemee.

Tazama mirija hiyo. Dawa mbili zilizo salama kila moja peke yake zaweza kugombana zikikutana. Fenitoini, dawa ya kifafa, ikitiwa katika dripu ya sukari huganda ikawa chembe. Seftriaksoni nayo hugombana na kalsiamu, kama ile iliyomo katika maji ya Ringer. Chembe zake ni ngumu, na kwa watoto wachanga zimewahi kukutwa mapafuni na katika figo. Au chukua potasiamu. Moyo hauwezi kupiga bila hiyo, na katika damu ya mtu mzima mwenye afya ni kati ya milimoli 3.5 na 5 hivi kwa lita. Lakini ile kali ya chupani ikisukumwa kwa sindano moja kwa moja mshipani, moyo husimama. Ndiyo maana huzimuliwa kwanza, ikaingia polepole.

Kisha kuna figo. Jentamaisini hutoka mwilini kwa njia ya figo, na inaweza kuziharibu figo hizo hizo, na masikio pia. Kipimo kilichofaa Jumatatu, figo zikichoka, Alhamisi huwa sumu. Kwa hiyo mfamasia hutazama majibu ya damu, uzito wa mgonjwa na mkojo wake, akahesabu upya. Hata kidonge cha kupondwa na kupitishwa kwenye mpira wa puani humhusu: kile kilichotengenezwa kifanye kazi mchana kutwa, ukikiponda humwaga nguvu yake yote kwa mara moja.

Je, kuna ushahidi kwamba mtu huyu anafaa? Upo. Mwaka 1999 ilitangazwa habari ya uchunguzi uliofanywa Massachusetts General Hospital, mjini Boston, katika chumba cha wagonjwa mahututi. Mfamasia alipoanza kuzunguka na madaktari kila asubuhi, madhara yaliyotokana na makosa ya kuandika dawa yalipungua kutoka 10.4 hadi 3.5 kwa kila siku 1,000 za wagonjwa. Alitoa mashauri 366, na madaktari wakakubali 362. Mimi hupenda hesabu hiyo ya pili kuliko ya kwanza, kwa kuwa daktari si mtu mwepesi wa kusahihishwa.

Mzazi mwenye kijana apendaye kemia na biolojia anaweza kumwelekeza huku. Atasoma digrii ya famasia, atafanya mazoezi hospitalini, na akitaka kazi hii hasa, kuna shahada ya pili, Muhimbili na Nairobi pia.

Nawe ukienda kulazwa, chukua dawa zako zote katika pakiti zake: za presha, za sukari, za kununua dukani, na hata mizizi ya mganga. Usione haya.

Mjomba alipasuliwa juma la pili yake, akapona. Siku hizi ana mfuko wa kitambaa alioshonewa na mkewe, na akifika hospitali huufungua kwa kila anayemsalimu, hata askari wa getini.