Video Isipocheza kwenye Simu Yako

Miongoni mwa malalamiko yanayotufikia ni ya mtumiaji aliyekabidhiwa kadi ya kumbukumbu yenye video ya harusi, au ya mazishi ya mzazi wake, akaiweka kwenye simu na simu ikakataa kuicheza. Huenda kwa fundi, naye huibadilisha faili na kuirudisha kwenye kadi ileile. Siku chache baadaye mwenyewe hugundua kuwa sauti imetangulia picha, au nusu ya shughuli haimo, na faili ya awali imekwisha kufutwa. Tunaweza kumtaka fundi arudishe fedha; picha za marehemu hatuwezi kuzirudisha. Kwa hiyo, kabla ya jambo lolote, faili ya awali inakiliwe kwenye kompyuta au flashi nyingine, na kazi yote ifanyike kwenye nakala.

Wengi hudhani kuwa herufi zinazofuata nukta mwishoni mwa jina la faili, kama .mp4, .mkv au .avi, ndizo zinazoeleza aina ya video. Herufi hizo hutaja chombo tu. Gunia lililoandikwa mchele laweza kuwa na mahindi ndani. Vivyo hivyo, faili mbili za.mp4 zaweza kubeba picha zilizobanwa kwa njia tofauti kabisa. Njia hiyo ya ubanaji huitwa kodeki. Kodeki ya H.264, iliyotolewa mwaka 2003, huchezwa na takriban kila simu janja. H.265, ya mwaka 2013, hupunguza zaidi ukubwa wa faili, lakini simu nyingi za zamani haziifahamu. Sauti nayo ina kodeki yake. Ndiyo maana kubadili jina kutoka .avi kuwa .mp4 hakubadili chochote kilichomo, hata kama umetozwa fedha kwa kazi hiyo.

Dalili husaidia kubaini tatizo. Sauti ikisikika bila picha, simu haifahamu kodeki ya picha. Picha ikionekana bila sauti, mara nyingi sauti ni ya AC-3 au DTS, ambazo simu nyingi hazikuwekewa uwezo wa kuzisoma. Picha ikikwamakwama, huenda ni kubwa mno kwa uwezo wa simu.

Kabla ya kulipa yeyote, jaribu kwanza programu nyingine ya kuchezea video. VLC, kwa mfano, hupatikana bure na hubeba kodeki zake yenyewe, hivyo hucheza faili nyingi ambazo programu iliyokuja na simu huzikataa. Ikicheza vizuri, huna haja ya kubadili faili.

Ikishindikana, omba faili ya MP4 yenye picha za H.264, sauti ya AAC na vipimo vya 1280 kwa 720. HandBrake, nayo ya bure, huifanya kazi hiyo kwenye kompyuta. Kila mara picha zinapobanwa upya hupoteza sehemu ya ubora wake, na ubora huo haurudi. Kama kasoro ni ya sauti pekee, mwambie fundi abadili sauti na kuziacha picha zilivyo. Kazi hiyo huchukua muda mfupi zaidi na haistahili bei ya ubadilishaji kamili.

Kadi nyingi za gigabaiti 32 au pungufu hutumia mfumo wa FAT32, usiopokea faili moja inayofikia gigabaiti 4. Video ya saa tatu kwa megabiti 5 kwa sekunde hufikia takriban gigabaiti 6.75. Fundi ama aigawe vipande, ama apunguze kiwango hicho hadi megabiti 2.5. Akiikata bila kukueleza, una haki ya kudai sehemu iliyobaki.

Tovuti zinazobadili video bila malipo tunazitaja kwa tahadhari: faili hupakiwa kwenye mashine ya mtu usiyemjua, na bando lako hutumika kwenda na kurudi.

Unapochukua kazi, itazame kwenye simu yako mwenyewe, papo hapo, mwanzo, katikati na mwisho, ukiangalia kama midomo inakwenda na sauti. Dai risiti inayotaja kazi iliyofanywa, na uhakikishe nakala yako haikubaki kwenye kompyuta ya dukani.