Kiambishi cha Mahali -la katika Lugha na Utamaduni wa Wafini

Kifini kina njia kadhaa za kuonyesha mahali. Mojawapo ni kiambishi tamati -la, ambacho huwa -lä iwapo irabu za neno ni za mbele. Kikipachikwa kwenye nomino, huunda jina la mahali panapohusiana na mtu au kitu kinachotajwa na nomino hiyo.

Dhima yake ya kwanza ni kutaja maskani. Matti ni jina la mwanamume. Mattila ni kwa Matti. Zamani, magharibi mwa Ufini, mtu aliitwa kwa jina la shamba alikoishi, na alipohamia shamba jingine jina lake liliweza kubadilika. Hivyo Mattila na Anttila yamekuwa majina ya ukoo. Mtunzi wa muziki Jean Sibelius naye aliiita nyumba aliyohamia mwaka 1904 Ainola, kutokana na Aino, mkewe.

Dhima ya pili inahusu visasili. Elias Lönnrot alikusanya nyimbo simulizi na kuziunda kuwa utenzi wa Kalevala, uliochapishwa mwaka 1835 na kupanuliwa mwaka 1849. Kalevala ni nchi ya Kaleva, mhenga wa mashujaa. Humo mnatajwa pia Pohjola, nchi ya kaskazini. Tapiola, makao ya Tapio, mungu wa msitu. Na Tuonela, makao ya Tuoni, yaani mauti. Tuonela inakaribiana na Kuzimu ya Waswahili, jina ambalo nalo limebeba kiambishi cha mahali, ku-.

Hata hivyo, kiambishi hiki hakikubaki katika ngano. Kutokana na sairas (mgonjwa) kuna sairaala, hospitali. Vanki (mfungwa) huzaa vankila, gereza. Kana (kuku) huzaa kanala, banda la kuku. Aidha, kahvi (kahawa) ni neno la mkopo kutoka Kiswidi, lakini kahvila, mkahawa, limeundwa kwa kiambishi cha Kifini chenyewe.

Hapa pana funzo kwa waundaji wa istilahi za Kiswahili. Kiambishi -ni hufundishwa zaidi kama alama ya kisarufi, ilhali jikoni na msalani yanathibitisha kwamba kimekwisha kuzaa majina kamili ya mahali. Kabla ya kukopa jina la mahali papya, yafaa kwanza kupima uwezo wa viambishi vilivyomo katika lugha yenyewe.