Ndevu za miti mulimani si ugonjwa: tujue Usnea

Mtu akipanda Ruwenzori kwa njia ya Mutwanga, akishapita mianzi, anafika mahali pa baridi na ukungu ambapo miti imeota ndevu. Ni nyuzi za kijani kilichopauka, zinaning'inia kwenye matawi. Wengi wanasema ni ugonjwa unaonyonya muti mpaka unakauka. Je, ni kweli?

Hapana. Ndevu hizo zinaitwa Usnea. Ni likeni, maana yake viumbe viwili vinavyoishi pamoja: kuvu, ndugu ya uyoga, na mwani mudogo sana wa kijani. Kuvu anajenga nyumba na kutunza maji, mwani anatengeneza chakula kwa mwangaza wa jua. Muti ni mahali pa kushikilia tu. Ukiokota uzi mubichi ulioanguka chini, uvute polepole: ganda la inje linapasuka, na ndani unaona kamba nyeupe inayovutika kama mpira. Hiyo ndiyo alama ya Usnea.

Basi kwa nini ndevu zinakuwa mingi kwenye muti unaokauka? Ni juu majani yameisha, mwangaza unaingia vizuri. Muti ulikuwa tayari na shida yake. Usnea haikuuua.

Usnea haina mizizi. Maji na chakula vyote inavipata katika mvua, ukungu na hewa, na sumu ya hewa inaingia vilevile. Huko Uingereza, moshi wa makaa ya mawe uliifukuza kandokando ya miji ya viwanda. Hewa ilipoanza kusafishwa, ikarudia sehemu zingine.

Kwetu hatari kubwa ni panga na moto. Parke ya Virunga iliundwa tangu 1925, lakini hata leo miti yake inakatwa kwa ajili ya makala. Usnea inakua polepole sana. Kipande kikipeperushwa na upepo kinaweza kuanza maisha mapya, ila kuwe na muti karibu wa kukipokea. Muzee wa muti ukiangushwa, ndevu zake zinaanguka nao, na mupando mupya hautazirudisha kesho.

Kwa hiyo, ndugu mukaaji wa karibu na mulima: ukiona muti wenye ndevu, usiukate eti ni mugonjwa. Uache. Ndiyo mbegu ya miti mingine yenye kuizunguka.