MVUA IKIKATIKA, HATARI INGALI PALE PALE

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu nyumbani, wakati wa mvua umerudi. Huku Haut-Katanga na Lualaba jua hukausha nchi tangu Mei mpaka Septemba. Kisha mawingu hukusanyika, na kuanzia Oktoba au Novemba mvua hunyesha mpaka Aprili. Lubumbashi hupata karibu milimeta 1 200 kwa mwaka, na karibu zote huanguka katika miezi hiyo.

Kila mwaka, mvua kabla haijaanza, wataalamu wa hali ya hewa wa nchi za SADC hufanya mkutano unaoitwa SARCOF, nao hutoa utabiri wa majira yote. Redio huutangaza, na kesho yake unasikia mtu kazini akisema: «Mwaka huu mvua ni ya kawaida, tusiwe na wasiwasi.» Bwana huyo amesikia vizuri, lakini ameelewa vibaya.

Utabiri huo unasema juu ya miezi mitatu mitatu, na juu ya nchi pana kupita uwezo wa macho. Unaeleza kama jumla ya mvua inaelekea kuwa juu ya kawaida, kawaida, au chini ya kawaida. Hausemi itanyesha siku gani. Milimeta 200 zikianguka kidogo kidogo kwa siku ishirini, au zikianguka nyingi kwa usiku mbili tatu, katika hesabu ya majira ni kitu kimoja. Kwa ukuta wa kariere si kitu kimoja hata kidogo.

Kumbuka majira ya 2023-2024, mwaka wa El Niño. Zambia, jirani yetu wa karibu kabisa, ilikauka mpaka serikali yake ikatangaza janga la taifa tarehe 29 Februari 2024. Lakini Januari ya mwaka huo huo mto Kongo ulipanda kule Kinshasa kwa kiasi ambacho watu hawakukiona tangu 1961. Majira ni yale yale, huku watu wanalia ukame, kule nyumba zimo majini.

Hatusemi utabiri haufai. Unawasaidia wakubwa wa kazi kutayarisha pompi na kusafisha mitaro mapema, na unamsaidia baba wa nyumba kutengeneza paa kabla ya kazi kuwa nyingi. Lakini ukitaka kujua kama leo unaweza kupita chini ya ukuta, uliza ni mvua ngapi imenyesha wiki hii, kisha utazame ukuta wenyewe.

Sababu ni hii. Milimeta moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita mraba. Kariere yenye hektari 100 ikipata milimeta 50 kwa usiku mmoja, imepokea lita milioni 50, ndiyo kusema mapipa 250 000 ya lita 200. Sehemu ya maji hayo hukusanyika chini, nayo pompi huyatoa. Sehemu nyingine huingia ndani ya udongo na katika nyufa za mawe, polepole, pasipo mtu kuyaona. Huko ndani yanaongeza uzito, yanasukuma, na yanalegeza kile kilichokuwa kimeshikamana. Kazi hiyo inaendelea saa nyingi, pengine siku kadhaa, baada ya mvua kukatika. Ndiyo maana asubuhi ya jua kali baada ya siku nne za mvua ni asubuhi ya kuogopa. Watu wamefurahi, wanataka kufidia tani zilizopotea, na ukuta ungali unakunywa.

Ukuta unaotaka kuanguka mara nyingi hutoa alama. Ufa mpya huonekana juu, nyuma ya ukingo, na kesho yake umepanuka. Vijiwe vinaviringika vyenyewe. Maji yanatoka mahali palipokuwa pakavu, tena ni maji ya matope. Chini ya ukuta udongo unavimba kama tumbo. Ukiona moja tu ya hizo, ondoka, waondoe wenzako, mwite kapita. Usingoje alama ya pili. Na wewe dereva, usisimamishe kamyo karibu na ukingo, hata kama jana ulisimama hapo bila shida.

Wenzetu wachimbaji wa mikono wamelipa kwa damu. Kamituga, katika Kivu ya Kusini, tarehe 11 Septemba 2020, mvua kubwa iliangusha mashimo ya dhahabu na watu wapatao 50 wakafa. Tarehe 15 Novemba 2025, Kalando katika Lualaba, daraja la kuunga-unga juu ya mtaro uliojaa maji lilianguka, wakafa watu wasiopungua 32. Mkuu mmoja wa jimbo alieleza kwamba watu walikuwa wamekatazwa kuingia pale, kwa ajili ya mvua nyingi na hatari ya udongo kuporomoka. Katazo la namna hiyo haliishi siku jua linapotoka.

Juu ya radi, neno fupi. Ukiona umeme, hesabu mpaka usikie ngurumo: kila sekunde tatu ni karibu kilometa moja. Ukifika sekunde 30 au pungufu, ingia ndani ya nyumba au ndani ya kamyo iliyofungwa. Mti si kimbilio. Ngoja dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Mahali palipotiwa baruti watu waondoke radi ingali mbali, kwa sababu umeme wake unaweza kuwasha mashimo.

Na wewe mama, nyumbani pia mvua inafanya kazi baadaye. Kwanza maji: choo kikifurika, kisima cha jirani kinaharibika, na kipindupindu kinaweza kuanza saa chache tu au siku chache baada ya mtu kunywa. Chemsha maji hata kama makala ni ghali. Watoto wasiogelee katika mashimo ya zamani. Maji yametulia, lakini kingo zinateleza na chini hakuna mahali pa kukanyaga.

Malaria inachelewa zaidi. Mayai ya mbu yanahitaji wiki moja au mbili kuwa mbu katika dimbwi. Mbu akinyonya damu ya mgonjwa, siku kumi hivi hupita kabla hajaweza kuambukiza. Mtu aliyeumwa naye hukaa wiki moja au mbili kabla ya homa. Kwa hiyo mvua ya mwanzo wa Novemba inaweza kuleta homa mwezi wa Desemba, wakati dimbwi lenyewe limekauka na umelisahau. Mwaga maji ya makopo na matairi kila wiki, na chandarua kisitoke kitandani mpaka mvua ziishe kabisa. Mtoto akishikwa na homa, mpeleke dispansere siku ile ile apimwe damu, na dawa atakayopewa aimalize yote, hata akianza kucheza siku ya pili.