Motokari ya Mbio: Nyoosha Magurudumu kwa Akili

Ndugu mtumishi, uko na motokari yenye nguvu? Usiige zile za mashindano. Magurudumu yao yanalala ndani digri 3 hivi juu, ili yashike vizuri katika kona. Kwa njia ya kila siku, karibu digri 1 inatosha. Ncha za mbele zisifunguke inje: motokari itayumba na mpira utalika upande wa ndani, kule jicho halifiki. Siku ya mvua utateleza. Siku ya jua kali utapasuka.

Mbele ya kunyoosha, pima upepo, badilisha viungo vya usukani vilivyolegea. Kisha, kila mwezi, shika taa, inama, tazama upande wa ndani.

Mpira wa akiba uko. Mguu wa akiba hakuna.